Ombi la Mama Kabla ya Kura ya Gavana

Profesa wangu wa historia, pale Brussels, alinipa kazi ya kueleza mbele ya darasa uchaguzi wa gavana wa jimbo moja la kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Nilicheka. Nimetoka Kongo nije kusoma ugomvi wa wazungu waliokufa zamani? Lakini kadiri nilivyosoma, kicheko kilinikauka. Kule kila chama kilichapa karatasi zake za kura, kwa hiyo aliyesimama kando ya sanduku aliona kila mtu amechagua nani. Tajiri aliwaleta vibarua wake, akasimama hapo akiitazama mikono yao.

Kilichonitia hofu ni kwamba baba yangu naye alikuwa anangojea kura ya gavana. Nyumbani, miaka ile ya 2000, wabunge wa jimbo ndio waliomchagua gavana, na baba alikuwa mmoja wao. Wenye nguvu walikuwa wameshaamua mtu wao. Wabunge wakakusanywa kwenye hoteli moja, eti wapumzike, na simu zao zikachukuliwa mlangoni. Kabla hajaingia, baba alimpigia mama, aliyekuwa akiishi nami Brussels, akamnong'oneza kwamba kura ni ya siri, na yake atampa mwingine. Mama aliniambia mimi peke yangu, jikoni, huku bomba la maji likiwa wazi.

Bahati mbaya, mama alikuwa na mahali pamoja tu pa kutua mizigo yake. Kila Alhamisi mchana, akishatoka kwenye kazi yake ya kuwahudumia wazee mtaa wa Ganshoren, kina mama wa kundi lake la maombi walikusanyika sebuleni kwetu, mtaa wa jirani wa Koekelberg. Desturi yao ilikuwa kila mmoja kutaja ombi lake kwa sauti, na kwa majina kabisa, maana walishikilia kwamba ombi lisilo na jina halina anwani. Huyu aliombea makaratasi ya ukaazi, yule mtoto aliyefeli. Mimi nilikuwa mezani na vitabu vyangu zamu ya mama ilipofika. Nikamsikia akimwomba Mungu ampe mume wake ujasiri wa kumkataa mtu waliyelazimishwa kumchagua. Akamtaja mume wake. Akamtaja na huyo mtu. Kina mama wote wakaitikia amina.

Hakukuwa na hata mmoja sebuleni mle asiye na kaka, shemeji au binamu katika siasa za kwetu, na kila mmoja alikuwa na kadi ya kupigia simu Kongo ndani ya mkoba wake. Walipoondoka nilimuuliza mama kama anajua amefanya nini. Alikuwa anakusanya vikombe. Akaketi kwenye mkono wa kochi, akashika mdomo.

"Bale ni bandugu ba maombi," alisema. "Nani atasema?"

Hakungoja nimjibu, alishaanza kupiga namba ya baba. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga tena na tena hadi kadi ikaisha, nami nikateremka dukani kununua nyingine. Tulimpigia binamu yetu, naye akasema hoteli imezungukwa na askari, hakuna anayeruhusiwa kumkaribia mbunge. Siku zile mama hakula sawasawa. Simu ikilia alinisukumia mimi. Niliogopa, sina neno zuri zaidi. Niliogopa hadi wale vibarua wa Marekani wakanishinda kusoma, kwa sababu vitabu vilieleza vizuri mno yaliyowapata waliochagua vibaya.

Baba alipiga siku ya kura, alasiri. Nilimtambua kwa kukohoa kwake.

"Niko muzima," alisema. "Bon, nilichagua muntu yabo. Nilibaonyesha karatasi mbele ya kuitia mu sanduku. Bantu yabo balikuya mu chambre yangu ya hoteli, banirudilia maombi ya mama yako, neno kwa neno, mpaka na amina."

Nilimwambia mama kwanza kwamba baba yuko mzima, akalia akishukuru. Kisha nikamweleza yaliyobaki, na akaacha kushukuru.

Alhamisi iliyofuata kina mama walikuja wote, hakukosa hata mmoja, wakiwa na keki na furaha kwamba baba ametoka salama. Mama aliwakumbatia mmoja mmoja, akimtazama kila mmoja machoni muda mrefu kuliko kawaida. Hatukujua ni nani kati yao aliyetuuza, na hatujui mpaka leo. Kuwafukuza kungekuwa kumwambia aliyepeleka habari kwamba tumejua, na baba bado alikuwa kule, mikononi mwa hao waliopelekewa habari. Basi mama akawaandalia chai. Zamu yake ya kutaja ombi ilipofika, wakainamisha vichwa wakingoja.

"Muniombee goti," alisema. "Inaniuma."

Goti lake lilikuwa zima kabisa. Waliliombea kwa bidii, wote kwa pamoja, na sauti ya huyo mmoja ilikuwa humo ndani.