Nilijibu Usaili kwa Kisa cha Mwenzangu

Admin, jina langu lifiche, maana hata wagonjwa wangu wanasoma ukurasa huu. Nina miaka hamsini na tatu, ni muuguzi, na huku Njombe watu wananisifia. Mkimaliza kusoma mtanitukana, ila msizidishe, nina presha.

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Makambako yalipoanza kujaa bidhaa, baba yangu alikuwa na lori. Niliitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi cha misheni. Alama zangu zilikuwa nzuri, lakini tuliambiwa alama peke yake hazitoshi. Wanachukua wasichana wa kila upande, na wanataka kujua una moyo gani, umewahi kumuuguza nani. Mimi binti wa mjini, na ushungi wangu, sikuwahi kuosha hata kidonda. Niliogopa sana.

Kwenye benchi nilikaa na msichana wa Mawengi, tumwite Anna. Alama zake zilikuwa za kuungaunga. Akanisimulia alivyomuuguza mama yake aliyepooza miaka miwili. Alishona mto wa maganda ya mahindi, akamwekea chini ya visigino, na kila akirudi kuteka maji alimgeuza. Mama alifariki bila kidonda hata kimoja mgongoni.

Nikaitwa kabla yake. Walipouliza nimemuuguza nani, nikasema, "Bibi yangu." Nikaeleza mto, visigino, maganda, mpaka nikalia. Machozi yalikuwa ya kweli, jamani.

Nilichaguliwa, Anna akaachwa. Muhula wa kwanza mtawa aliyetufundisha akaniambia huku anacheka, "Kuna mwenzako alikuja na kisa chako hichohicho! Tukamkataa, hatutaki waongo." Nimenyamaza mpaka leo, na nafsi inanisuta kila nikimgeuza mgonjwa.

Wiki iliyopita nilimkuta Anna sokoni, anauza viazi. "Kamwene dada! Si wewe tulikaa benchi moja?" Akanikumbatia. Hana kinyongo, anaamini ni alama zake zilizomwangusha. Binti yake wa mwisho ameitwa usaili Jumatatu, chuo kilekile. Akanishika mikono yote miwili: "Nisaidie, dada yangu. Mfundishe mwanangu uliwajibu nini siku ile."

Nikaitikia. Wanakuja kwangu Jumamosi, mama na mwana. Yule mgonjwa wa mto wa maganda ni bibi yake huyo binti.

Nishaurini jamani. Nikishawakaribisha chai, nianzie wapi?