Mashine ya Bernard Inayosema

Sasa huyu Gahongayire, jamani, maji aliyoyapenda yeye ni ya kuoga na ya chai, basi. Alilelewa Ngara, Tanzania, akaolewa na Bernard, Mhaya wa Bukoba, wakahamia Rwanda na kujenga Kabuga. Kwa miaka yote hiyo mumewe alipokwenda kuvua samaki ziwani Muhazi kila Jumamosi, yeye alibaki nchi kavu. Boti ya Bernard aliijua kwa picha tu, na kwa harufu ya nguo za kufua. Kazi yake ilikuwa altrasaundi, kwenye kliniki moja hapo hapo Kabuga: kupaka jeli ya baridi, kupitisha kile kidude juu ya tumbo, kutazama kioo, kisha kumweleza mama mjamzito anachokiona, polepole, kwa sauti ya kumtoa hofu.

Halafu presha ya macho ikamwingilia Bernard. Daktari hakumficha kitu: dawa zitashikilia kilichobaki, kilichokwenda kimekwenda. Bernard akaacha kuendesha gari, akaacha gazeti, akawa anawatambua watu kwa sauti. Boti hakuiacha. Mpaka asubuhi moja ukungu ukamfunika katikati ya ziwa, akazunguka na injini yake huku na huku, mwishowe akatua kwenye shamba la watu ng'ambo, akiamini kabisa kafika kwake. Wenye shamba wakampa chai, wakampigia simu mkewe.

Binti yao Careen akaja juu. Boti iuzwe, alisema, na mnunuzi akamtafuta mwenyewe, bwana mmoja mwenye hoteli, ambaye angekuja kuichukua mwisho wa mwezi. Bernard hakubishana. Alinyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikomtisha Gahongayire, maana mzee yule kwa maneno hana mfano. Akawa anakaa barazani tangu asubuhi, chai inapoa mbele yake, hata mpira wa redioni haulizi nani kafunga. Gahongayire alimwona anavyozeeka mchana kweupe, akaumia.

Siku Bernard alipofungua kinywa, aliuliza jambo moja tu. Wakinunua GPS ya kumrudisha nyumbani na mashine ya kutafuta samaki, je, boti itabaki? Careen alikubali kwa shingo upande: itabaki, ila kiwe chombo ambacho baba anaweza kukitumia kweli, si pambo.

Wakaenda mjini kwa Sharif, mtu wa Tanga anayeuza vifaa vya boti. Sharif akawatolea mashine kubwa, yenye ramani za bahari na samaki wa rangi wanaokatiza kioo kama wako sinema. Bernard akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Sharif akaizima kidogo ili abadilishe waya, na hapo hapo Bernard akasema, “Naona vizuri sana. Samaki hao wanapita.”

Kioo kilikuwa cheusi tii. Sharif akainamisha macho kwa adabu. Gahongayire alitamani kulia, lakini atalia vipi mbele ya mwenye duka? Akaanza kuuliza maswali, mradi tu kimya kile kiishe. Mbona samaki yule mwekundu kapita mara mbili? Sharif akacheka, akakiri kuwa ile ni picha iliyorekodiwa, ya kuonyeshea wateja. Basi tuondolee hizo katuni, mama akamwambia, tuone mashine yenyewe inaona nini.

Sharif akawasha nyingine, ndogo, bila katuni. Vikabaki vivuli vya kijivu, vijipinde, na mstari mnene wa chini. Gahongayire nusura aangue kicheko. Hii si kazi yake ya kila siku? Sauti inatumwa chini, inagonga kitu, inarudi, na mtu mwenye subira anasoma. Sharif naye, muungwana, hakuwadanganya: Muhazi haimo kwenye ramani za ile mashine kubwa, na ziwa lenyewe si la kina cha kutisha, nguvu zote za mashine ile ni za bure. Hii ndogo itachora ramani yake yenyewe kadiri boti inavyokwenda, na itatunza njia waliyopita ili warudi nayo.

“Hakuna inayosema?” Bernard akauliza taratibu. “Inayoniambia kilichoko chini?”

Sharif akasema hana. Bernard akavaa kofia yake, akaanza kupapasa mlango.

“Tupe hii ndogo,” Gahongayire akasema. “Itasema.”

“Nani atakaa nayo?”

“Mimi.”

“Wewe, mama Careen? Majini?”

“Usiniulize mara mbili, nitaghairi.”

Jumamosi akapanda boti kavaa jaketi la kuokolea juu ya sweta mbili, ameng'ang'ania ukingo, midomo inamwomba Bikira Maria bila kituo. Careen alisimama ufukweni, mikono kifuani. Mwanzoni Gahongayire hakuona chochote kwa woga. Kisha mstari wa chini ukaanza kujichora, na macho yake yakauzoea, na ile sauti ya kliniki ikamtoka yenyewe.

“Hapa chini ni matope laini. Sasa kisiki, kikubwa, tukiache. Polepole... Tulia, usijikaze. Yuko mmoja, mkubwa, karibu na chini. Ndiyo. Anacheza.”

Bernard akashusha ndoano. Mikono yake haikuwahi kuhitaji macho. Sato aliyempandisha alipiga mkia kwenye sakafu ya boti, na mzee akacheka kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau. Mkewe alifurahi hata akaona haya. Ukungu uliposhuka akamsomea ile njia waliyojia, kushoto kidogo, nyoosha, punguza mwendo, naye akaendesha mpaka chombo kikagusa mchanga, miguuni pa Careen. Careen akawatazama wote wawili, akatoa simu, akamwambia yule bwana wa hoteli atafute boti kwingine.

Baada ya wiki kadhaa Sharif alipiga simu kuulizia kama mashine inafanya kazi.

“Inasema vizuri sana,” Bernard akamjibu. “Ila ikiwa Jumapili, inataka misa kwanza.”