Tofali Lenye Alama ya Nati

Mwaliko ulinikuta nikimkata baba kucha. Niliipokea simu kwa mkono mmoja, na sauti niliyoisikia mara ya mwisho ujanani ikasema kwamba wanachama wote wa ile klabu yetu ya vijana tunatakiwa Mbuya, mtaa mwingine wa Kampala, nyumbani kwa mwenyekiti wa zamani, Jumapili baada ya kanisa, tule na tukumbushane. Baba alisikia yote. Masikio ndiyo yaliyobaki mazima katika mwili wake.

"Nenda," akasema. "Halafu usikilize kama bado wanasema."

Hakueleza wanasema nini. Nyumbani kwetu Kyebando hakuna anayehitaji kuelezwa.

Baba ni Mkenya aliyeingia Uganda akiendesha lori, akaoa, akabaki. Vita vilipokwisha alituhamishia kwao mama, kaunti ya mashambani kaskazini ya Kampala, ambako watu walikuwa wakirudi mmoja mmoja kwenye nyumba zisizo na mabati, magodoro kichwani. Sisi tulizungumza Kiswahili, na Kiswahili kule kilikuwa lugha ya waliogonga milango kwa vitako vya bunduki. Watoto waliniita Afande. Nilikuwa mwembamba, naogopa hata jogoo, lakini machoni pao ningeweza kumkamata mtu yeyote.

Klabu ndiyo iliyonifanya mwenzao. Mwenyekiti alikuwa kijana wa chuo cha ualimu, mwenye filimbi pekee katika kata nzima na sauti ya mtu asiyewahi kukatizwa. Kila Jumamosi tulicheza mpira, tukaimba, tukaigiza. Katika maigizo nilipewa sehemu ya askari kila mara, kwa kuwa lugha yake nilikuwa nayo, na nilipokufa jukwaani watu walishangilia kuliko nilivyotaka. Hata hivyo nilikuwa na mahali pa kwenda Jumamosi. Nikaiga mwendo wa mwenyekiti, wa kuegemea kushoto kidogo, mpaka mama akaniuliza kama nimechomwa na mwiba.

Mvua ikinyesha tulikosa pa kukutania, kwa hiyo mwenyekiti akasema tutajenga ukumbi wetu kwa mikono yetu. Tukakanyaga udongo, tukafyatua matofali likizo nzima, tukayafunika majani ya migomba yakauke. Siku zake za mapumziko baba alileta kuni za tanuri kwa lori lake. Mwenyekiti ndiye aliyetaka kila mmoja atie alama yake tofali likiwa bado bichi, tena ubavuni. "Ukumbi ukisimama," alisema, "kila mtu aje amwoneshe mwanawe tofali lake." Msichana aliyekuwa katibu wetu alibonyeza meno ya kitana. Mwingine alitumia gunzi, mwingine kisigino. Mimi baba alinipa nati kuukuu ya gurudumu la lori, ikaacha alama ya pembe sita. Nilibonyeza kwa majivuno ya mtu anayetia sahihi mkataba wa nchi mbili.

Tukachoma. Tanuri likatoa moshi, likapoa, mvua kubwa ikatufungia majumbani. Tuliporudi uwanjani tulikuta majivu, vipande vilivyovunjika, na alama za matairi ya lori matopeni. Na lori, katika senta yetu ya maduka machache, lilikuwa moja, la baba.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa mpira. Kiganda cha baba kilimtosha kununua ndizi, hakikumtosha kujitetea. Akakana kwa Kiswahili, kwa sauti ya dereva aliyezoea kushindana na injini, na niliona akina bibi wakiwavuta wajukuu wao nyuma. Kadiri alivyokana ndivyo alivyozidi kufanana na wale waliogonga milango.

Ndipo mwenyekiti akainua mkono. Akasema huyu ni mgeni wetu, na shida humfanya mtu lolote. Nchi imechoka kulipizana kisasi. Tumsamehe, na polisi wasiitwe. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Hakuna aliyemuuliza baba kama anataka kusamehewa. Aliyeshtakiwa anaweza kushinda kesi. Aliyesamehewa hana pa kukata rufaa.

Haikupita muda tukahamia Kyebando, na baba akaanza kutengeneza magari ya watu wengine. Mimi nikafika chuo kikuu, nikaandika insha ndefu juu ya msamaha baada ya vita, mfano wangu mkuu ukiwa ni kijana mmoja wa mashambani mwenye filimbi. Niliamini baba hakuiba. Niliamini pia kwamba kijana yule, kwa kutojua, alimwokoa. Mhadhiri aliisifu. Niliitunza insha ile miaka mingi, mjinga mimi, katika bahasha ya plastiki isije ikalowa.

Mbuya nilipokelewa kwa kukumbatiwa. "Mswahiri wetu!" mwenyekiti alipaza sauti kwa lafudhi ya Kiganda. "Habali ya siku mingi!" Wote wakacheka, nami nikacheka. Nyumba yake ilikuwa imepigwa lipu laini mbele, na rangi ya maziwa. Matoke yalifunuliwa kutoka kwenye majani yake, mchuzi wa karanga ukafuata, na mwenyekiti, sasa mnene na mwenye mvi nzuri, akatukumbusha tulivyosamehe.

"Na mzee hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo."

"Mwambie sisi hatuna kinyongo."

Nilikwenda kunawa nyuma ya jiko. Kampala tunapiga lipu pale mgeni anapotazama tu. Vyumba vya watumishi vilikuwa matofali matupu. Sabuni ikiwa mkononi nikaona, usawa wa macho yangu, meno ya kitana. Kando yake gunzi. Chini, kisigino. Nikatafuta nikiwa nimeinama kama mtu aliyedondosha shilingi, nikaipata karibu na bomba la maji machafu: pembe sita, safi, kana kwamba niliibonyeza jana. Nilitia ncha ya kidole ndani yake na sikuweza kuitoa upesi.

Katibu wetu wa zamani alikuja kunawa, sasa bibi mwenye wajukuu. Nikamwonesha. Alitazama ukuta, kisha akanitazama mimi kama anavyotazamwa mtu aliyefika mazikoni kaburi limeshafunikwa.

"Ssebo, leo ndiyo unaona?"

"Wewe ulijua?"

"Bambi, masikini wewe, nani hajui? Alipoingia nyumba hii alitualika sote tuliobaki kule. Tulidhani wewe msomi ulijua zamani, ukanyamaza kwa heshima."

"Na baba yangu?"

Akafunga bomba. "Mzee alikuwa ameshaondoka. Na huyu ndiye aliyemsimamia binti yangu harusi. Ningeanzia wapi? Kausha mikono, chakula kinapoa."

Msomi ndiye anayepewa kutoa shukrani. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa kichekesho kuhusu vifo vyangu jukwaani, lakini nilichosema, kwa Kiswahili na kwa sauti ya baba, ni hiki: "Asanteni kwa chakula. Kabla hatujaondoka, kila mmoja apite nyuma ya jiko, amwoneshe mwenzake tofali lake."

Mmoja alianza kuuchunguza mfupa uliokuwa sahanini mwake. Mwingine akamtafutia mjukuu wake kiatu ambacho mtoto alikuwa amekivaa. Mwenyekiti ndiye aliyecheka kwanza.

"Huyu!" akasema, akinipiga begani. "Bado ni mtu wa maigizo! Mpigieni makofi."

Wakapiga. Niliyatambua makofi yale. Nikaketi, nimesamehewa.

Baba alikuwa amepunguza sauti ya redio akinisubiri.

"Bado wanasema?"

"Hawasemi, baba," nikamdanganya. Kisha nikamwambia: "Nimeyaona matofali. Yako Mbuya, kwenye ukuta wa mwenyekiti. Nati yako ipo."

Aliweka mikono magotini.

"Yalichomwa vizuri yale," akasema. Kisha akauliza, "Na wenzako wameyaona?"

"Wameyaona."

"Lini?"

Niliuchukua mkono wake nikatafuta ukucha wa kukata. Zote zilikuwa bado fupi.