Siku Mama Aliponunua Sato

Enzi zetu pale Buzuruga, sketi ya shule yenye pindo nene ilikuwa kitu cha kawaida. Yangu ya darasa la kwanza ilikuwa na pindo la karibu shubiri nzima. Kila Januari mama alifumua kidogo, sketi ikateremka, nami nikaanza mwaka na mstari wa bluu iliyokoza chini ya bluu iliyopauka. Nilifika nayo darasa la tano.

Baba, aliyekuwa kuli bandarini, alifariki nikiwa darasa la pili. Mama akabaki na sisi watoto watatu, chumba kimoja cha kupanga na karai la kukaangia maandazi ya kuuza. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi vipande sita, na ole wako ukiacha kipande ndani ya maji. Mkaa uliobaki jikoni aliuzima, akauanika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Palepale ndipo tulipoanika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na palepale tulicheza kombolela hadi magoti yakachubuka.

"Kabula! Utakula nini ukikanyaga hiyo michembe?" mama alinifokea kila jioni. Watoto wa leo ukiwaambia waanike mkaa, wanakutazama kama umewatuma wakafue mvua.

Kitoweo chetu kilikuwa mapanki. Viwanda vilichukua minofu ya sangara ikasafirishwa Ulaya, sisi tukabakiwa na kichwa, mifupa na mkia. Lakini mama aliyajulia. Aliyakaanga mpaka mifupa midogo ikawa inatafunika, akaunga na nyanya na kitunguu, nasi watoto tukala ugali huku tunalamba vidole. Sikujua kwamba ni chakula cha kuonea aibu mpaka nilipofika darasa la sita, nikaketishwa dawati moja na Neema.

Baba yake Neema alikuwa karani, na kwao kulikuwa na friji. Akaniuliza jana tulikula nini. Nikasema sato, samaki wa wenye nacho. Kesho yake nikasema sato tena.

"Kila siku sato?"

"Mama hapendi mapanki," nikamjibu. "Anasema ni chakula cha mbwa."

Wiki hiyohiyo Neema alipita nyumbani kufuata daftari lake. Mama alikuwa amechuchumaa uani, beseni la mapanki miguuni pake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Neema akaliangalia beseni. "Mama, mbona Kabula anasema hupendi mapanki? Anasema unayaita chakula cha mbwa."

Mama alinitazama. Nikainamisha kichwa, nikatamani ardhi ipasuke. Kisha nikamsikia anacheka kidogo, anavuta sinia na kulifunika beseni.

"Haya ya jirani, ameniomba nimwoshee," alisema. "Wewe njoo Jumamosi, ule sato na mwenzako."

Neema alipoondoka nilisubiri fimbo. Haikuja. Mama aliendelea kuosha mapanki yake, kisha akasema, "Siku nyingine ukidanganya, uniambie mapema nijiandae."

Jumamosi sato alikuwepo, mkubwa, mkia umetokeza nje ya sahani. Neema alikula akasifia, nami nikajisikia mtoto wa matajiri. Sikujiuliza samaki yule ametoka wapi.

Haikupita miezi miwili, bibi mzaa mama akafariki kule Kisesa. Siku ya kwenda msibani mama alivaa kitenge cha kuazima kwa mama mdogo Mbuke, kifupi, akawa anakivuta kila mara kifunike vigimbi. Nikamuuliza kitenge chake cha zambarau kiko wapi, kile alichonunuliwa na baba nilipozaliwa.

"Panya wamekitoboa," akasema. Makaburini alisimama nyuma ya wanawake wote, yeye, mtoto wa marehemu.

Miaka ikaenda. Nilisoma, nikapata kazi, nikaolewa. Mama alituacha miaka mitatu iliyopita. Siku ya tatu ya matanga, tukiwa tunachambua mchele, mama mdogo Mbuke akaniambia ghafla, "Kile kitenge cha zambarau hakikuliwa na panya. Alikiuza sokoni akanunua samaki. Alinikataza nisikwambie."

"Samaki yupi?" nilimuuliza, ingawa nilishajua.

"Wa yule rafiki yako. Nilimgombeza. Akasema, Mbuke, mtoto aliinamisha kichwa, nikashindwa kuvumilia."

Niliweka ungo chini, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia peke yangu. Wa kumwomba radhi tulikuwa tumeshamzika.

Sasa naishi Buhongwa. Napikia gesi. Wanangu wanaagiza chipsi kwa simu, bodaboda anazileta mlangoni, wanadonoa mara tatu, nyingine wanamwaga. Nikisema kuhusu bando au taa zinazowaka bila mtu, wananijibu, "Mama, umeanza Buzuruga yako." Nanunua mchele kwa gunia na maharage msimu wa mavuno, najua nyumba yangu itafika vipi mwisho wa mwezi. Hayo yote nilijifunza kwa kumtazama yeye.

Jambo moja tu nalifanya tofauti. Chakula kikiiva, naketi na wanangu, nakula nao, wakiniona.

Maana nakumbuka mengi ya enzi zile. Nakumbuka sauti yake, mikono yake inayonukia unga, hata namna alivyokohoa asubuhi. Lakini nikijaribu kumkumbuka mama akila, hata tonge moja, simwoni. Namwona akipakua. Kisha namwona akiosha sufuria.