Kidole Nilichokiziba kwa Gundi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuliziba jeraha badala ya kuliosha. Mpaka leo, nikipita kwa fundi wa viatu nikapigwa na ile harufu kali ya supaglu, huziba pua nikaharakisha hatua.

Tuliishi mtaa wa Huruma, ghorofa ya nne. Paka mmoja asiye na mwenyewe alikuwa akichakura pipa la taka kwenye ngazi, nami nilikuwa mtoto wa kutaka hata maganda yakae kwa mpango. Nikamvuta. Akanidunga meno kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Vitundu viwili tu, kama vya sindano, lakini niliona vinauharibu mkono. Nikavidondoshea supaglu. Vikang'aa, nikaridhika.

Asubuhi kidole kilikuwa kimevimba kama soseji, kinapwita, hakikunjiki. Nikakificha ndani ya soksi. Kufikia Jumapili kilinuka nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki, nami nikala ugali kwa mkono wa kushoto nikijidai sisikii harufu.

"Ni nini imeoza hapa ndani?" Mama akauliza.

"Si ni huyu, mum!" dada yangu Mwende akasema. "Ananuka panya ya jana!"

Mama akaivua soksi, akaibandua ile gundi kwa ukucha. Usaha wa kijani ukaruka hadi kwenye sukuma wiki. Mwende akatapika palepale.

"Ngai! Nani alikuweka gundi?"

"Ni mimi, mum."

"Kwani wewe ni kiatu?"

Hospitalini daktari alikipasua kidole akakikamua, huku nikidungwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. "Meno ya paka huingiza uchafu ndani kabisa," alimwambia Mama. "Kijana akaufungia humo. Tutajaribu, lakini huenda tukakikata."

Nyumbani Mama alikiosha kila siku, akikunjua bendeji iliyoshikana na ngozi kama kamasi. "Hainuki sana," alikuwa akisema. Akimaliza alitoka kwenda kwenye korido, akarudi macho yakiwa mekundu. Nilidhani amenikasirikia. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akienda kutapika.

Kidole hakikukatwa, ila hakikunjiki hadi mwisho. Siku hizi nikiumia, naosha kwa sabuni na maji ya bomba, kisha naenda kumwonyesha mtu siku hiyohiyo, hata kama kinachoonekana kinatia kinyaa.