Lukumbi Ndani ya Kioo

Nilikwenda Kinshasa kwa ajili ya macho. Mtoto wangu anayefanya kazi huko alinitafutia daktari, na Mungu akatumia mikono ya daktari huyo kunirudishia kurasa za Biblia ambazo kwa muda mrefu zilikuwa zimegeuka ukungu. Namshukuru kila asubuhi. Lakini kitu cha kwanza nilichokwenda kutazama kwa macho yale mapya kilinitia dharau ambayo haijapoa hata baada ya sala nyingi, na sitaki kujifanya kwamba imepoa.

Siku chache kabla sijaondoka Kasongo, shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, alinifuata kutoka kijiji cha Lusangi. Alikuwa bado amefunga kitambaa cheusi kichwani. Kwa watu wote wa nyumba ile matanga yalikuwa yameisha zamani, ila kwake hayakuisha. Katika ukoo wetu, mpiga lukumbi akifa, ngoma yake huambiwa. Lukumbi ni gogo lililochimbwa ndani kupitia mpasuo mmoja wa juu. Ina midomo miwili, mmoja wa sauti nene na mwingine wa sauti nyembamba, na kwa sauti hizo mbili mtu anayejua huzungumza kijiji hadi kijiji. Zamani kila mtu mzima alikuwa na jina lake la ngoma, mapigo ya kumtaja yeye peke yake. Mpigaji akifa, ndugu yake wa damu hulipiga jina lake mara ya mwisho juu ya ngoma ileile, ndipo mjane anafungua kitambaa. Padri aliniuliza kama hayo si mambo ya kipagani. Nilimjibu kwamba hatuiombi ngoma kitu chochote, tunaiarifu tu, kama yeye anavyotangaza wafu siku ya Dominika. Alicheka, akaniacha.

Shida ni kwamba ngoma ya kaka haikuwa kwetu. Ilikuwa Kinshasa, katika jumba la makumbusho la taifa.

"Unaenda kulekule iko," shemeji alisema. "Uiambie. Nimechoka na hiki kitambaa. Wajukuu wanafikiri hiki njo nywele zangu."

Ngoma ilichukuliwa tulipokuwa vijana. Walikuja na gari la serikali, mabwana wa mjini waliovaa vizuri, wakasema wanakusanya mali ya taifa. Ulikuwa ule wakati tulipoambiwa na serikali tuache majina ya ubatizo tuirudie asili. Basi sisi, ambao asili yetu ilikuwa inapigwa kila jioni bila kuamriwa na mtu, tulinyang'anywa asili hiyo ikawekwe katika jumba la asili. Ngoma ile ilikuwa kazi ya mikono ya baba yetu. Walisema itaonyeshwa, halafu itarudi. Mmoja wao alimpiga kaka begani, akamwambia asihuzunike, sasa taifa zima litaisikia.

Kaka aliamini. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Kuanzia hapo aliita watu kanisani kwa kugonga rimu ya lori iliyotundikwa nje ya sakristia. Rimu ina neno moja tu: njooni. Haiwezi kusema nani amekufa, wala nani amejifungua, wala kwamba mto umefurika na watu wasivuke. Fundi mmoja alijitolea kumchongea lukumbi nyingine, kaka akakataa. "Niko na yangu," alisema. "Iko safarini." Alizeeka akigonga chuma, na alikufa akisema ngoma yake iko safarini.

Jumba lenyewe ni kubwa na safi, nakiri. Sakafu inang'aa kiasi kwamba nilivua viatu mlangoni, kama tunavyofanya Kasongo tukialikwa na majirani zetu Waislamu katika shughuli zao. Mlinzi akacheka mpaka akashika tumbo.

"Papa, vaa viatu! Hapa haiko musikiti."

Nilikuwa nimekwisha kujua. Msikitini mtu angekuwa amenisalimia.

Nilipewa binti wa kunitembeza, mzaliwa wa Kindu katika mkoa wetu wa Maniema, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili. Alikuwa mpole na alinitafutia maji, na sina neno baya juu yake. Maneno mabaya ninayo juu ya yale aliyofundishwa kusema. Alianza na historia: wakoloni ndio walianza kukusanya, na vitu vizuri zaidi vikavuka bahari, baadaye vichache vikarudishwa baada ya kuombwa sana, kisha watumishi wa jumba wakazunguka mikoa, wakaleta vingine, na vinavyoonekana ni sehemu ndogo tu, vingi viko stoo, gizani. Katika kila hatua alirudia neno moja, kwamba vimeokolewa.

Nimefundisha katekisimu maisha yangu yote, na neno hilo nalijua. Aliyeokolewa hujua ametolewa katika nini.

"Viliokolewa kutoka kwa nani, mama?" niliuliza.

"Kwa mchwa, papa. Unyevu. Moto. Na kusahaulika."

Kusahaulika! Mwanamke alikuwa amekaa Lusangi na kitambaa cheusi kwa sababu hakuna mtu aliyesahau.

Tulipita kati ya sanamu, viti, vinyago na shanga. Mmisionari aliyetufundisha utotoni alikuwa akituchapa akitukuta tumesimama karibu mno na mti uliochongwa. Hapa niliona watu wenye shahada wameinamisha vichwa mbele ya mti huohuo, wananong'ona, na taa ndogo inawaka juu yake kama ile ya tabernakulo kanisani. Babu zetu angalau walikuwa wanangoja jibu.

Lukumbi ilikuwa karibu na ukuta wa mwisho, ndani ya kioo. Niliitambua kabla ya kufika. Kaka alipigia mkono wa kushoto, na mdomo wa ngoma umelika upande ambao kwa wapigaji wengine hubaki mzima. Kwenye ufa wa ubavuni kuna bati la mkebe wa sadini ambalo baba alilipigilia. Mafuta ya mikono yalikuwa yamekauka, mti ukawa na rangi ya majivu. Karatasi iliyo chini yake inasema: ngoma ya mti, Maniema, fundi hajulikani.

Nikaomba nifunguliwe nipige mara moja tu. Nilieleza sababu yote. Binti alisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakalegea, lakini alisema haiwezekani, hata mkubwa wake hana ruhusa hiyo.

"Hata kugonga kwa kidole?"

"Hata kwa kidole, papa. Jasho la mutu linaharibu."

Jasho linaharibu. Kile kitu kizima kilitengenezwa na jasho.

Nilikuwa nimepatana na shemeji kwamba nitampigia simu mchana, naye apande kilimani penye mtandao pamoja na wanawake wenzake. Mchana ulikuwa umefika. Mbele ya kioo palikuwa na benchi la mbao la wageni. Nikafikiri kwamba ngoma inaweza kuambiwa kwa mti mwingine, ikiwa mbele yake. Nikapiga simu, nikafungua sauti, nikaiweka kando, na kwa ngumi zote mbili nikapiga jina la ngoma la kaka juu ya lile benchi. Watu waligeuka. Mlinzi alikuja mbio, binti akamzuia kwa mkono.

Ikaja sauti ya shemeji:

"Shemeji, mbona unapiga meza?"

"Haiko meza. Ni benchi."

"Lo! Sasa nimekuwa mujane wa benchi?" Nikasikia wanawake wakicheka nyuma yake. "Na lukumbi iko wapi?"

"Iko hapa mbele yangu. Imefungiwa ndani ya kioo. Wanakataza kuigusa."

"Wanakataza nani? Wewe, mutoto wa mwenye kuichonga?"

"Wote."

Akasema, "Uulize hao watu. Tangu siku waliichukua, nani anaipigaka?"

Nikamgeukia binti. Alikuwa amesikia mwenyewe.

"Hakuna, papa," alisema kwa sauti ya chini. "Vitu vya humu havipigwi."

"Hata mara moja?" Sauti ya shemeji ilijaa ukumbi. "Hata Noeli?"

"Hata mara moja, mama," binti alijibu akiinamia simu.

Nilikuwa ninatafuta mstari wa Maandiko wa kumfariji, nikashindwa kuupata, jambo ambalo hunitokea mara chache. Shemeji hakungoja.

"Basi ilikufa siku ileile, kwenye lile gari," alisema polepole. "Ilikufa mbele ya bwana yangu, nasi hawakutuambia. Yeye njo alipaswa kufanya matanga juu yake, maskini, kumbe alikuwa anaingoja tu. Sasa utaiambia nini, shemeji? Unaleta habari ya kifo kwa maiti? Acha. Nafungua kitambaa."

"Desturi inasema..."

"Desturi inasema ngoma. Hiyo haiko ngoma tena. Nafungua."

Vigelegele vilitoka katika simu vikagonga vile vioo. Mlinzi alimuuliza binti kama kuna harusi. Binti alikuwa anafuta machozi, na mimi nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe, kwa sauti ambayo nadhani haikuwahi kusikika mahali pale.

"Shemeji," alisema yule mama, "toka humo. Hakuna mutu wetu humo."

Nilimshukuru binti kwa maji na kwa uvumilivu wake, nikatoka. Mlangoni nilipishana na wanafunzi, wamepangwa wawili wawili, mikono nyuma, mwalimu wao anawaonya wanyamaze.