Mdogo Wangu Amefungiwa Chumbani Hadi Siku ya Harusi

Bwana Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu. Nawe msomaji, ukidhani watujua, tafadhali tusitiri.

Nina miaka ishirini na mbili, nimeolewa, nakaa Mji wa Kale karibu na Ndia Kuu. Mdogo wangu ana miaka kumi na sita. Alikuwa mcheshi, na mkono wake wa kushona kofia ulisifiwa mtaa mzima. Tangu Ramadhani ilipokwisha alibadilika. Hali chakula, halali usingizi, hachani nywele. Kofia aliyoishona mwezi mzima aliifumua yote, akaketi akizitazama nyuzi. Mama akasema, "Uvivu tu huo. Akiolewa utamtoka." Ami yetu akasema ni jini, akaleta mganga, mdogo wangu akafukizwa hadi akazimia. Alipozindukana aliniambia sikioni, "Dada, si jini. Ni mimi. Naogopa nikiwa peke yangu."

Nikamwambia azidishe kuswali, nikaenda zangu kwangu kupika. Mungu anisamehe.

Ijumaa moja, wanaume wakiwa msikitini, nilimkuta uani ameketi ukingoni mwa kisima, miguu ameining'iniza ndani. Hakuwa akilia. Alisema taratibu, "Dada, nishike. Mwenyewe siwezi kuondoka." Nilimkumbatia kiunoni nikamvuta, tukaanguka sote wawili. Mama aliposikia kishindo alitoka mbio, akaona yote.

Mama alinishika mkono kwa nguvu. "Haya yasitoke nje ya nyumba hii. Posa tushaikubali. Watu wakijua, nani atamuoa?" Kisima kikafunikwa mbao, mdogo wangu akafungiwa chumbani, na ufunguo mama hauachi mkononi. Mume wangu asema mambo ya kwetu nisiyaingilie. Nilipotaja daktari wa serikali, mama aliangua kilio: mtoto atapelekwa bara kwenye nyumba ya wendawazimu, na huko harudi mtu. Sijui kama ni kweli, lakini nami niliogopa, daktari sikumtaja tena.

Juzi nilivaa buibui nikaenda kwa mama wa bwana harusi, nimekata shauri kumwambia yote. Alinikaribisha kahawa na halua, akaniuliza kwa furaha, "Bibi harusi wetu hajambo?"

Nikasema, "Hajambo, mama." Nikanywa kahawa yake nikarudi.

Harusi ni mwezi ujao. Bwana harusi mwenyewe ni mtu mzima, ana safari nyingi, na nyumba yake ina ghorofa tatu. Nikifikiria mtoto yule peke yake kule juu, nakikumbuka kile kisima. Nikisema, mama hatanitambua tena kuwa mwanawe. Nikinyamaza, huenda nikaitwa kuja kuzika.

Jana nilizungumza naye nikiwa nje ya mlango. Aliniuliza, "Dada, kesho waja?" Nikamwambia naja. Nikabaki nimeegemeza sikio mlangoni, nasikiliza kama apumua.

Wazazi, masheikh, nanyi mliowahi kuuguza mtu wa namna hii, nishaurini upesi. Nimwambie nani, nifanye nini?